Leza ya DJ imechoma kamera yangu harusini Kisumu. Hizi taa ni salama kweli?

MpigaPicha_Dunga (mleta uzi), Jumatatu saa 2:40 usiku

Wandugu, habari za jioni. Jambo hili nimekaa nalo siku mbili nikiogopa kuchekwa, lakini acha niliweke hapa.

Jumamosi nilikuwa na harusi hapa Kisumu, upande wa ziwa. Mchana mambo yalikwenda vizuri. Jioni watu wakaingia hemani kula na kucheza, DJ akawasha mashine ya moshi, kisha lile sanduku lake la leza: kijani, bluu, nyekundu, mistari inakata hewa, akina mama wanapiga vigelegele. Nikapiga goti mbele ya maharusi ili mistari ile iingie nyuma yao. Ghafla kioo cha kamera kikawa cheupe, kama radi imepita. Picha iliyofuata ina mstari wa zambarau kutoka juu hadi chini na kidoa cheupe katikati. Nikabadilisha lenzi. Mstari uko palepale. Hata picha ya keki inao.

Fundi wa kamera aliye Nairobi ameniambia sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, imeungua. Haitengenezwi, inabadilishwa, na bei yake ni karibu sawa na kununua kamera nyingine ya mtumba. DJ naye anasema: "Leza yangu ina stika za usalama. Shida ni kamera yako."

Maswali yangu ni mawili. Anasema kweli? Na kama imechoma kamera, macho ya bibi harusi je?

Omera_Mgumu, saa 2:58 usiku

Pole omera, lakini usitafute mtu wa kukulipia spea. Mimi pia ni DJ, nina leza mwaka wa nne sasa, nimeizungusha Kondele, Ahero, Siaya mpaka Bondo, na sijaona mtu akitolewa hemani akishikwa mkono. Mwale hausimami mahali, unakimbia. Watu wanaipenda. Nikienda bila leza wananiuliza kama nimekuja kwa mkutano wa chama.

FundiTaa_Kondele, saa 3:35 usiku

Pole sana ndugu mpiga picha. Kazi yangu ni taa na jukwaa, nilianza kwa kubeba nyaya, kwa hiyo mnivumilie niandike kwa urefu.

DJ wako amekosea. Lenzi hukusanya mwale na kuubana kwenye nukta moja ya sensa. Ukigonga vijinyaya vinavyosoma safu ile, safu nzima inakufa, ndiyo maana unaona mstari na si kidoa peke yake. Hizi kamera mpya zisizo na kioo cha kujikunja ndani ziko hatarini zaidi, kwa sababu sensa iko wazi muda wote kamera ikiwa imewashwa. Zile za zamani kioo kiliifunika mpaka ubonyeze.

Sasa hizo stika. Leza hupangwa kwa madaraja, na kiwango cha kimataifa kinachopanga ni IEC 60825-1. Daraja la 1 halidhuru katika matumizi ya kawaida. Daraja la 2 ni mwanga unaoonekana usiozidi miliwati 1, na usalama wake unategemea wewe kupepesa jicho ndani ya robo sekunde. 3R inafika miliwati 5. 3B inafika miliwati 500. Kinachozidi hapo ni daraja la 4, na daraja hilo halina dari: wati 1 imo, wati 40 imo. Leza ya rangi inayoonekana vizuri ndani ya hema lenye moshi, mara nyingi ni 3B au 4. Sanduku likiandikwa wati 3, hizo ni miliwati 3,000.

Tupige hesabu. Mwale wa wati 3 unatoka ukiwa na upana wa milimita 5 na kutanuka milimita 1 kila mita. Mita 20 mbele, pale meza ya mwisho ilipo, upana wake ni milimita 25. Nguvu yake hapo ni takriban miliwati 611 kwa kila sentimita mraba. Kiwango ambacho jicho linaruhusiwa kupokea kwa robo sekunde ni takriban miliwati 2.5 kwa kila sentimita mraba. Huo ni karibu mara 240. Mwale huo ukisimama, unahitaji kama mita 380 ndipo ushuke hadi kiwango hicho. Hema gani Kisumu lina mita 380?

Omera_Mgumu, saa 3:41 usiku

Nimesema HAUSIMAMI.

FundiTaa_Kondele, saa 4:05 usiku

Nakujibu bila hasira omera, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapojidanganya, na mimi nilijidanganya miaka.

Ndani ya sanduku kuna vioo viwili vidogo kuliko ukucha, vinatikiswa na mota, kimoja kulia na kushoto, kingine juu na chini. Vikikimbia, jicho hupigwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, hilo ni kweli. Lakini mwale hurudi palepale mara nyingi kwa sekunde moja, na kila mpito unahesabika. Halafu siku kadi inayoendesha vioo ikiungua, au kioo kikikwama kwa vumbi na joto, au programu ikichora nukta badala ya mstari, zile wati 3 zote zinasimama usoni mwa mtu mmoja. Mashine ya maana ina kinga inayoangalia kama vioo vinatembea. Visipotembea, inakata mwale ndani ya milisekunde chache. Mashine za bei ya chini mara nyingi hazina kinga hiyo, au ipo kwenye karatasi ya matangazo tu.

Na hata kinga hiyo haikupi ruhusa ya kumulika watu. Kazi yake ni kuzuia ajali isiwe kubwa zaidi.

Nikuulize wewe: leza yako inakaa wapi ukipiga muziki?

Omera_Mgumu, saa 4:09 usiku

Juu ya spika.

FundiTaa_Kondele, saa 4:10 usiku

Sawa. Kwa hiyo iko usawa wa macho ya mtu aliyesimama.

Macho_Vihiga, Jumanne saa 12:50 asubuhi

Nimeusoma uzi huu kabla ya kuingia kazini. Mimi ni mhudumu wa afya ya macho.

Jicho ni lenzi pia. Konea na lenzi yake huubana mwanga ulioingia kwenye mboni mpaka ukali wake kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ufike mara 100,000 hivi ya ule uliogonga jicho kwa nje. Na retina haina maumivu. Mtu anachomeka bila kusikia kitu, anaona mng'ao tu, anaendelea kucheza, analala. Asubuhi anasoma ujumbe kwenye simu na herufi ya katikati haipo. Ndiyo maana "sijaona mtu akitolewa hemani" haithibitishi chochote, ndugu Omera. Wanaogundua hugundua wakiwa nyumbani kwao.

Mlevi ni tatizo lingine. Hakwepeshi macho haraka kama mtu mzima wa akili. Na watoto huitazama leza makusudi kwa sababu inapendeza.

Kwa yeyote aliyekuwa kwenye harusi ile: chukua daftari la hesabu lenye miraba, weka nukta katikati ya ukurasa, funika jicho moja, tazama nukta. Kama miraba imepinda, imekosekana au kuna kivuli, funika jicho la pili ulinganishe. Ukiona tofauti usingoje wiki, nenda kliniki ya macho iliyo karibu nawe. Huku kwetu watu huja hospitali ya macho ya Sabatia, na Kisumu mjini pia kuna kliniki. Eleza kwamba ni leza, taja rangi na saa. Nitakuwa mkweli: hakuna dawa iliyothibitishwa ya kurudisha retina iliyoungua. Wengine hupata nafuu kadiri wiki zinavyopita, wengine hubaki na doa. Tafadhali msitie matone ya kuazima kwa jirani.

MpigaPicha_Dunga, saa 1:30 asubuhi

Nimempigia simu bwana harusi. Yeye na mke wake wako sawa, tumewajaribu na daftari la mtoto wa dada yake. Nimepumua. Mimi mwenyewe nilikuwa natazama kwenye kioo cha nyuma cha kamera, kwa hiyo kamera ndiyo iliyopigwa badala ya jicho langu.

Mwagizaji254, saa 4:20 asubuhi

Niseme kuhusu stika kwa sababu mimi huagiza taa kutoka China na kuuza.

Stika ni karatasi. Kiwanda kinakuuliza unataka gani, kinabandika. Nimewahi kupokea mzigo ambao nyuma ya sanduku pameandikwa daraja la 3R, na kwenye boksi hilohilo pameandikwa wati 2. Haiwezekani. Ni kama pikipiki kuandikwa baiskeli.

Alama ya CE, wengine hapa husema ni "China Export". Huo ni utani wa mtaani, hakuna alama rasmi ya jina hilo. CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba bidhaa inafuata sheria za Ulaya, na kwa vitu vingi hakuna mtu wa tatu aliyepima. Ukitaka kujua kama tamko lina uzito, omba ripoti ya maabara yenye namba ya modeli yako na kiwango cha IEC 60825-1. Wengi watakutumia ripoti ya modeli nyingine. Hapo umeshapata jibu.

Ile ya "FDA approved" ndiyo inayonichekesha. FDA, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia pia leza, haiidhinishi leza. Mtengenezaji hupeleka ripoti chini ya kanuni 21 CFR 1040.10 na 1040.11, anapewa namba ya kupokelewa kwa ripoti hiyo. Basi. Na onyesho la leza inayozidi miliwati 5 huko Marekani linahitaji kibali maalumu, cha mtengenezaji na cha mwenye onyesho pia. Stika ya Marekani haikubebei kibali hicho mpaka Kondele.

Kwetu, KEBS, shirika la viwango la Kenya, wana ule mpango wa kukagua mizigo kabla haijasafirishwa, ulioanza 2005. Leza nyingi ndogo lakini huingia ndani ya boksi la mchanganyiko, pamoja na taa za diski na nyaya. Ukinunua Luthuli kule Nairobi, muuzaji mwenyewe hajui kilichomo.

Kitu kimoja zaidi. Zile za kijani za bei ya chini, baadhi hutengeneza kijani kwa kupitisha mwanga wa infraredi kwenye kioo maalumu. Kichujio kikikosekana, infraredi nayo inatoka, na jicho haliioni wala halipepesi. Maabara ya NIST ya Marekani ilipima kalamu moja ya kijani mwaka 2010, imeandikwa miliwati 10, wakakuta inatema karibu miliwati 20 za infraredi.

SautiKanisani_Nakuru, saa 5:02 asubuhi

Samahani kuuliza. Kanisani kwetu hapa Nakuru tumenunua projekta ya nyimbo na mahubiri, imeandikwa "laser". Wazee wameanza kuogopa baada ya mimi kuwasomea uzi huu. Tuirudishe?

FundiTaa_Kondele, saa 5:15 asubuhi

Msiirudishe ndugu. Hiyo ni mashine nyingine kabisa. Ndani yake leza inawasha kemikali inayong'aa, mwanga unatawanywa, kisha unatoka kama wa balbu ya projekta ya kawaida. Hupimwa kwa kiwango kingine, IEC 62471-5, kwa makundi ya hatari. Angalia pameandikwa RG2 au RG3. RG2 ni kutokodolea macho lenzi, kama usivyokodolea jua. RG3 inataka umbali na urefu maalumu, kitabu chake kitaeleza. Wazuieni watoto wa Sunday school wasiende kuchungulia lenzi, mengine endeleeni na ibada.

MamaHema, saa 7:10 mchana

Mimi hukodisha mahema na viti. Fundi, hiyo leza iwekwe wapi basi? Kwa sababu madj wanafunga vitu kwenye nguzo zangu bila kuniuliza.

FundiTaa_Kondele, saa 8:00 mchana

Mama, hilo ndilo swali ambalo lingefaa kuulizwa kabla ya lile la stika.

Kanuni ya Wamarekani ni rahisi kukumbuka: mwale wowote wenye nguvu ubaki angalau mita 3 juu ya mahali popote mtu anaweza kusimama, na mita 2.5 pembeni kwa mahali anapoweza kufika. Ikiwa kuna jukwaa au kiti ambacho watu hupanda kucheza, unapima kutoka juu ya jukwaa hilo.

Sasa nenda kwenye hema lako la viti mia moja. Pembeni mtu anagusa turubai kwa mkono. Mita 3 ziko katikati tu, kwenye kilele. Kwa hiyo jibu langu, na najua litaniharibia biashara: kwenye hema hilo leza ya daraja la 4 haina mahali pa kukaa. Weka taa za LED zinazozunguka, watu watacheza vilevile. Leza iachie ukumbi wenye paa la juu au uwanja mpana, ifungwe kwenye nguzo, na mwale uishie kwenye kitu kisichoakisi. Nguzo za alumini, vioo vya keki, madirisha, puto zinazong'aa, vyote vinarudisha mwale mahali usipopanga.

Kuna kisa cha Urusi ambacho huwa nawasimulia vijana wangu. Julai 2008, tamasha la Aquamarine huko Kirzhach, si mbali sana na Moscow. Onyesho lilipangwa uwanjani, miale ielekee angani. Mvua ikanyesha, wakaweka mahema, leza ikawashwa vilevile. Miale ikawafikia watu badala ya kwenda angani. Takriban watu 30 walipata madhara ya retina. Mvua ya saa kumi jioni Kisumu mnaijua nyote.

MamaHema, saa 8:06 mchana

Kuanzia leo hakuna sanduku linafungwa kwenye nguzo yangu. Na wahudumu wangu wanaopita na sahani mbele ya hiyo kitu ni wafanyakazi wangu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inanitazama mimi, si DJ.

JiraniWaUwanja, saa 11:45 jioni

Mmesahau ndege. Uwanja wa ndege wa Kisumu uko kando ya ziwa, kilomita chache tu kutoka katikati ya mji, na ndege za jioni hushuka watu wakiwa tayari kwenye sherehe. Mwongozo wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, unaweka eneo la kilomita 18.5 kutoka uwanjani ambamo mwale angani hautakiwi kuzidi mikrowati 5 kwa sentimita mraba. Chora duara hilo: Dunga imo, Kondele imo, Mamboleo imo. Rubani akipigwa na kijani akiwa anatua, kioo chote cha mbele kinawaka, na kwa sekunde kadhaa haoni njia. Anayetaka kumulika angani azungumze kwanza na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Kwa kibali cha kelele tunapanga foleni, kwa hili hakuna hata anayewaza.

Omera_Mgumu, saa 3:20 usiku

Sawa, nimesoma yote. Sikubali kila kitu, lakini nimeenda kuitazama yangu. Nyuma kuna ufunguo, nimeupoteza zamani, huwa naugeuza kwa bisibisi. Kuna plagi ya pembeni ina waya mdogo umeunganisha mashimo mawili. Nilidhani ni ya kiwandani. Ni nini?

FundiTaa_Kondele, saa 3:48 usiku

Hiyo plagi ndiyo kitu muhimu kuliko vyote kwenye sanduku lako, na mtu ameiua.

Kiwango kinadai leza ya 3B na 4 iwe na tundu la kukatia mwale kutoka mbali. Unaunganisha kebo mpaka kwenye kitufe chekundu kilicho mkononi mwa mtu anayetazama umati. Kitufe kikibonyezwa, au kebo ikikatika, au mtu akijikwaa ikachomoka, mwale unazima. Hiyo waya yako inaidanganya mashine kwamba kitufe kipo. Kwenye kebo ya ILDA yenye pini 25, ile inayoleta michoro kutoka kompyuta hadi kwenye leza, kazi hiyo hufanywa na pini 4 na 17, na huko pia nimekuta watu wameziunganisha kwa risasi ya kuchomelea.

Ufunguo nao ni wa sharti, ili mtoto wa mwenye boma asiwashe ukiwa umeenda kula. Iwepo taa ya kuonyesha kwamba mwale unatoka, na kifuniko cha kuuziba bila kuzima umeme. Halafu kuna moja iliyoandikwa kana kwamba walitufikiria sisi: daraja la 4, stima ikipotea zaidi ya sekunde 5, mashine haitakiwi kurudi kuwaka yenyewe. Lazima mtu aiwashe upya kwa mkono. Jaribu yako, ikiwa imeelekea ukutani na hakuna mtu. Zima kwenye soketi, hesabu mpaka kumi, washa.

Omera_Mgumu, saa 4:02 usiku

Imewaka yenyewe.

Omera_Mgumu, saa 4:03 usiku

Na imeanza na mchoro tofauti na ule niliouacha.

FundiTaa_Kondele, saa 4:11 usiku

Basi sasa fikiria stima imepotea kwenye sherehe, giza, watu wamesogea karibu na meza yako wakitumia tochi za simu, jenereta inashika.

MpigaPicha_Dunga, Alhamisi saa 1:15 usiku

Nawaletea yaliyotokea. Nilikutana na DJ leo, nikamsomea hesabu ya mara 240. Alikasirika, kisha akafungua buti la gari tukaitazama mashine pamoja. Stika mbili: moja 3R, nyingine pembeni yake "3000mW". Plagi ina waya kama ya Omera. Hana kitufe, hajawahi kukiona.

Amekubali kulipa nusu ya sensa kwa awamu tatu, ya kwanza imeingia kwa M-Pesa. Nusu nyingine ni yangu, kwa sababu nilipiga goti mbele ya mwale makusudi nikitafuta picha nzuri. Harusi ya Jumamosi ijayo nitatumia ile kamera ya zamani yenye kioo, na nimeandika kwenye mkataba kwamba leza ikiwashwa naweka kamera begi.

Omera_Mgumu, saa 1:32 usiku

Kitufe chekundu na kebo ya mita 20, nani anatengeneza hapa Kisumu? Na nguzo ya mita 4 nakodi wapi, si ya MamaHema.

FundiTaa_Kondele, saa 1:40 usiku

Njoo inbox. Na uje na plagi yako, hiyo waya naitoa bure.

MamaHema, saa 1:44 usiku

Nguzo ninazo za ukumbini. Nimeona umenitaja.